Sifa za Amri Isiyojua Kuhesabu

Wapo watu, nami naomba nihesabiwe miongoni mwao, ambao wakisikia kwamba mshtakiwa amelaaniwa na kila mmoja, tangu mwanafunzi wa juma la kwanza hata fundi aliyeota mvi mbele ya kompyuta, huingiwa na shaka juu ya washtaki kabla ya kumshuku mshtakiwa. Na katika vitu vyote vilivyotungwa kwa ajili ya mashine hizi sijaona kilichoshutumiwa kwa muda mrefu, kikanyamaza kwa adabu, kisibadili tabia yake hata kidogo, kama ile amri ya lugha ya JavaScript iitwayo sort, ambayo kazi yake ni kupanga. Ukiipa namba 2, 10 na 1, huku ukitaraji kwamba kitu kilichozaliwa ndani ya mashine ya hesabu kitajua walau kuhesabu mpaka kumi, itakurudishia 1, 10, 2, wala haitaomba radhi. Amri hiyo ndiyo ninayokusudia kuisifu, na wasomaji wenye presha watanisamehe.

Wenye haraka husema huu ni upumbavu. Hasha! Amri hii, isipopewa maagizo mengine, hugeuza kila ilichokabidhiwa kuwa maandishi, kisha huyapanga maandishi hayo kama kamusi ipangavyo maneno, alama ya kwanza ikilinganishwa na ya kwanza, na ya pili na ya pili; na maadamu 1 hutangulia 2, basi kila namba ianzayo kwa 1, iwe kumi, iwe mia, iwe milioni, ina haki ya kuketi mbele ya mbili. Tazama insafu iliyomo. Chukua wanafunzi watano waliopata alama 7, 9, 45, 88 na 100. Mwalimu akiiagiza amri hii iwapange kutoka wa chini kwenda wa juu, atapata 100, 45, 7, 88, 9. Akiipindua orodha ili aliyefuzu aketi mbele, aliyepata 9 atakuwa kinara wa darasa, wa 88 atamfuata, wa 7 atashika nafasi ya tatu, naye aliyekesha na kitabu usiku kucha akapata mia kwa mia atakuwa wa mkia. Waadhi wa kila zama wameahidi kwamba wanyonge watainuliwa na wenye nguvu watashushwa. Ni wapi pengine palipotimizwa ahadi hiyo kwa mstari mmoja wa programu, bila vita wala uchaguzi?

Nasaba yake ni ya heshima, ijapokuwa uzazi wenyewe ulikuwa wa haraka. Mwezi wa Mei mwaka 1995 Brendan Eich, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya Netscape huko California, alitunga kielelezo cha kwanza cha lugha hii kwa muda wa siku 10, muda ambao katika nyumba nyingi za pwani hautoshi kumaliza mashauri ya harusi moja. Na mwaka uliofuata, toleo la 1.1 lilipotoka pamoja na kivinjari cha Navigator 3, sort ikawamo. Safu ya JavaScript ni chombo kisichobagua: namba hukaa humo ubavuni mwa jina la mtu, tarehe hukaa ubavuni mwa ndiyo na la, na hata utupu hupewa nafasi yake. Aliyetakiwa kuweka kanuni ya kupanga mkusanyiko wa namna hiyo, tena pasipo kuuliza swali wala kusimamisha ukurasa wa mtu kwa kosa, alilazimika kutafuta kitu kimoja ambacho wote wanacho, na kitu hicho kilikuwa kwamba wote huandikika. Basi akawapanga kwa maandishi. Sioni kwamba mimi ningelikuwa na busara zaidi, na washtaki nao hawajaniambia wangelifanya nini.

Ukweli wanidai niseme kwamba tabia yake iliwahi kuguswa, utotoni. Katika toleo la 1.1 mahali pasipowekwa kitu, ambapo lugha yenyewe hupaita undefined, paligeuzwa kwanza kuwa null ndipo pakapangwa. Katika toleo la 1.2 pakaamriwa kwenda mwisho wa safu bila kujadiliwa. Kisha mwezi wa Juni 1997 sheria ya lugha ikachapishwa kwa jina la ECMA-262 na jumuiya ya viwango yenye makao yake Geneva, na tangu siku hiyo kumi hajaondoka mbele ya mbili. Watawala wameanguka, makampuni yamefilisika, Netscape yenyewe imekuwa hadithi ya kuwasimulia vijana, na sort iko pale pale.

Mtu asidhani kwamba fadhila zake zaishia katika namba ndogo. Moja yenye sufuri 20 nyuma yake, ambayo ni utajiri usiopata kuonekana katika benki yoyote, huketi kwa unyenyekevu kati ya 10 na 11. Ongeza sufuri moja tu, na kwa kuwa lugha hii huanza hapo kuiandika kwa ufupi, 1e+21, namba hiyo huhama ghafla na kwenda kuketi kati ya 19 na 2. Katika maneno hali kadhalika. Herufi zote kubwa hutangulia zote ndogo, kwa hiyo Zanzibar hutangulia asali, na mwenye kuandika jina lake kwa herufi ndogo kwa ajili ya tawadhui atakuta tawadhui hiyo imehesabiwa na kulipwa. Lakini ni katika orodha ya maneno ya Kiswahili ndipo nilipoitambua adhama yake. Andika ng'ombe kwa kile kibainishi kilichonyooka cha taipureta, na ng'ombe huyo atatangulia ngamia, ngano, ngoma na jamaa wote wa herufi hizo; andika neno lile lile kwa kibainishi kilichopinda, kile ambacho programu za kuandikia barua hukitia zenyewe bila kuulizwa, na ng’ombe atakwenda kusimama nyuma ya nguzo na nguo na ngwena. Ukiwa na makarani wawili, mmoja wa kale na mmoja wa kisasa, utakuwa na ng'ombe wawili, mmoja kila upande wa zizi, na hakuna jicho la binadamu litakaloona tofauti yao. Na ikitokea kwamba katika orodha hiyo imepenya null, yaani alama ya kutokuwapo kitu, sort haitaifukuza. Itaiandika kwa herufi zake nne na kuiketisha kwa heshima baada ya nuia na kabla ya nuru, kama neno lililotumika mwambao huu kwa karne nyingi.

Kila baada ya muda hutokea mtu mwema akauliza kwa nini isirekebishwe, maana namba ni namba na yeyote aweza kuona kwamba zapaswa kupangwa kwa ukubwa. Namjibu kwa upole. Ukurasa wa wavuti hauna tarehe ya kufa, wala hausemi uliandikwa kwa ajili ya toleo gani la lugha; ukurasa uliotungwa mwaka 1998 na muuza duka, au na mwanafunzi ambaye leo ni babu, hufunguliwa na kivinjari cha jana jioni, na mtungaji wake huenda amekufa, au amesahau neno la siri, au yu hai na hataki kusikia habari zake. Tuseme mtu huyo alizipanga namba za hati zake, akaziunganisha, akazipigia muhuri wa tarakimu na kuuhifadhi muhuri huo mahali. Siku namba zitakapokuja kwa mpango mpya, muhuri hautalingana, na kila hati halali itaonekana ya kughushi, ilhali hakuna aliyeigusa. Kosa alilozoea mtu, akalijengea nyumba juu yake, si kosa tena, ni msingi.

Mtu mwema hakati tamaa. Husema: basi sort itazame kwanza, ikiona vyote vilivyomo ni namba ipange kwa ukubwa, na ikiona mchanganyiko ipange kwa maandishi. Ni shauri zuri mpaka utakapolifuata hatua mbili. Orodha ya bei iliyokuwa safi asubuhi, 900, 1500, 12000, imepangwa kwa akili; mchana karani mmoja akaandika katika mstari wa nne, badala ya bei, neno haijulikani; na saa ile ile orodha nzima inapinduka, 12000 inatangulia 1500, na 900 inakwenda nyuma ya zote mbili, kwa sababu ya neno moja ambalo halikumhusu yeyote kati yao. Mpumbavu aliye mpumbavu kila siku huzoeleka, na mipango ya watu ikamzunguka; mwenye akili anayerukwa nazo karani anapokosa bei ndiye wa kuogopwa.

Wako pia wasemao kwamba ingelitosha kutumia alama ya lugha yenyewe ya kupungua, ile ielekeayo kushoto, ambayo hujua kulinganisha namba kwa namba. Hawa hawakuichunguza. Kwa alama hiyo namba 9 ni ndogo kuliko maandishi "10", kwa kuwa palipo na namba maandishi hugeuzwa namba. Maandishi "10" nayo ni madogo kuliko maandishi "9", kwa kuwa maandishi kwa maandishi hulinganishwa kama kamusi. Na maandishi "9" ni sawa na namba 9. Mpangaji aliyepewa watu watatu, wa kwanza mdogo kwa wa pili, wa pili mdogo kwa wa tatu, na wa tatu akiwa rika la wa kwanza, atazunguka hata alfajiri. Sort iliuona mtego huo tangu mwanzo ikaukwepa kwa kutojua hesabu kabisa, na mimi naona huko ni kujua kukubwa.

Tuwatazame sasa waliothubutu. Lugha ya Python, katika toleo lake la pili, ilikuwa na ukarimu kama huu tunaousifu, ikipanga namba na maneno pamoja bila kinyongo; toleo la tatu lilipotoka Desemba 2008 ikaamuliwa kwamba anayelinganisha namba na neno atupiwe kosa usoni, na ile kanuni ya zamani ya kulinganisha ambayo mtu aliweza kuipa amri ya kupanga ikaondolewa. Hayo yalikuwa mawili tu katika mageuzi mengi, lakini yalikuwa ya haki na yenye hoja, na toleo la pili halikuzikwa rasmi ila tarehe 1 Januari 2020, baada ya miaka 11 ya kaya moja kulisha wake wawili. Lugha ya Java haikubadili hata matokeo. Mwaka 2011, katika toleo la saba, ilibadili tu njia ya ndani ya kupanga, ikachukua ile iliyobuniwa na Tim Peters kwa ajili ya Python mwaka 2002. Na programu zilizokuwa na kanuni mbovu za kulinganisha, ambazo kwa miaka zilipangiwa vibaya kimyakimya na kuridhika, zikasimama ghafla kwa lawama kwamba zimevunja mapatano. Wenyewe walilijua jambo hilo mapema, kwani waliacha swichi ya kurudisha mpango wa zamani kwa wenye kulia.

Msiba mkubwa wa aina hii, hata hivyo, haukutokea katika lugha ya programu bali chini yake. Mwezi wa Agosti 2018 maktaba ya C ya GNU, ambayo mifumo mingi ya Linux huitegemea, ilitoa toleo la 2.28 na ndani yake ikasahihisha mpangilio wa herufi ufuate kiwango cha kimataifa. Ilikuwa kazi ya wasomi, safi kabisa. Zamani, kwa Kiingereza cha Marekani, 11 ilitangulia 1-1. Sasa 1-1 hutangulia 11. Nani angelilia kwa hilo? Walilia wenye hazina za data za PostgreSQL, ambazo faharasa zake zilikuwa zimejengwa kwa mpangilio wa kale: baada ya mfumo kupandishwa toleo, mtu alitafuta jina lililomo, na mashine, ikifuata ramani mpya katika mji wa zamani, ikaingia mtaa usio wake, ikagonga, isimkute, ikarudi kusema hayumo. Mahali palipokatazwa kuandikisha jina mara mbili likaweza kuandikishwa tena, kwa sababu la kwanza halikuonekana. Msahihishaji hakukosea popote, na hilo ndilo lililowauma zaidi.

Sitaficha kwamba sort yenyewe imerekebishwa katika jambo moja, nalo nalitaja kwa sababu lathibitisha ninayoyasema. Watu wawili wenye alama sawa, je, hubaki kwa mpangilio waliokuja nao? Sheria ya 1997 haikulidai hilo, na kila kivinjari kikafanya lake. Injini ya V8, iliyomo ndani ya Chrome, ilikuwa na njia mbili: safu ya vitu 10 au pungufu ilipangwa kwa kuchomeka kimoja kimoja, na walio sawa hawakuhama, safu ya vitu 11 na kuendelea ilipangwa kwa njia ya kasi, na walio sawa walitawanyika. Mwalimu aliyekwisha panga wanafunzi wake 10 kwa majina, kisha akawapanga kwa alama, aliwakuta waliofungana wakiwa bado kwa alfabeti, akashukuru. Mwaka uliofuata akaandikishwa mtoto wa kumi na moja, na majina yakavurugika pasipo sababu ambayo mwalimu yeyote angeliweza kuikisia. Mwaka 2018, katika Chrome 70, V8 ikahamia njia ya Tim Peters, na mwaka 2019 sheria ya lugha ikawalazimisha wote kutunza mpangilio wa walio sawa.

Hapa palikuwa na badiliko lililoonekana halimdhuru mtu, kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa kinyume chake. Lakini walikuwapo watu waliokuwa wakiipa sort kanuni ya kulinganisha iliyojibu ndiyo au la, ilhali sheria yataka ijibu kwa namba, hasi, sufuri au chanya. Na kwa ile njia ya zamani ya kuchomeka, ndiyo ilihesabiwa moja, la ikahesabiwa sufuri, na safu fupi zikapangika vizuri, naam, kwa rehema. Njia mpya hutazama kama jibu ni hasi. Ndiyo si hasi, la si hasi. Kwa hiyo safu zikarudishwa kama zilivyoingia, na watu waliokuwa hawajagusa programu zao wakaamka na orodha zisizopangwa. Ikiwa badiliko lililopitishwa na wote liliwatoa machozi wenye makosa, fikiri lingekuwaje la kuwahamisha wenye haki.

Njia ambayo halmashauri ya lugha hii, iitwayo TC39, imejifunza kuifuata ni ya kale na ya kiungwana: ukitaka jambo jipya, lipe jina jipya, na la zamani uliache lizeeke kwa amani. Hata majina si rahisi kuyapata. Mwaka 2018 amri ya kuzipangua safu zilizomo ndani ya safu, ambayo ilikuwa iitwe flatten, ilibidi ipewe jina la flat, kwa sababu maktaba ya kale iitwayo MooTools ilikuwa imejitwalia jina la kwanza kwa namna yake, na kurasa zilizoitumia zingevunjika. Kwa njia hiyo hiyo safu maalumu za namba tupu, zilizoingizwa katika sheria mwaka 2015, zilipewa sort yao wenyewe inayojua hesabu: hupanga 1, 2, 10 kama mtoto wa shule, na namba isiyo namba huipeleka mwisho. Binamu huyu msomi hutajwa mara nyingi ili kumtahayarisha ndugu yake. Lakini binamu amelindwa na lango. Hapokei neno wala utupu. Na ni rahisi kuwa na hekima katika nyumba isiyopokea wageni.

Kisha mwaka 2023 fursa ikaja kwa miguu yake. Halmashauri ilikubali amri mpya kabisa, toSorted, ambayo hurudisha nakala iliyopangwa na kuiacha safu ya asili ilivyo. Jina jipya, ukurasa hata mmoja wa 1998 haukulijua. Hapakuwa na muhuri wa kuharibika wala babu wa kulalamika. Hapo walikuwa na uwezo wa kupanga namba kwa ukubwa, na ulimwengu ungelishangilia. Wakampa mwana tabia ya baba yake, herufi kwa herufi, ili mtu anayehama kutoka amri moja kwenda nyingine asikute jambo la kumshangaza. Naomba radhi kwa kutoweza kuandika sentensi hiyo bila kucheka, lakini nawaunga mkono.

Kwa desturi fundi wa JavaScript hujikinga kwa kanuni fupi, toa b katika a, ambayo huandikwa kila siku na maelfu ya watu kwa vidole vilivyozoea kama vishikavyo tasbihi, na kwa namba za kawaida yatosha. Mwaka 2020 lugha ilipokea namba mpya za ukubwa usio na kikomo, ziitwazo BigInt. Ukizipanga kwa kanuni hiyo ya mafundi, kutoa kwenyewe hufanyika vyema, lakini jibu nalo ni BigInt, na sort hukataa kuligeuza kuwa namba ya kawaida, ikasimamisha kazi kwa kosa. Fundi hubaki akisoma ujumbe huo na kujiuliza ni dhambi gani aliyoitenda. Akichoka, akaifuta kanuni yake, akaiacha amri peke yake kama ilivyozaliwa, itazipokea namba hizo zote, ziwe na tarakimu mia au elfu, bila swali na bila kosa, na kuzipanga kwa tarakimu ya kwanza.